Alama Nane za Swali la Kumi na Moja

2 Machi

Kwako Sufuri,

Usinune. Najua siku hizi wewe ni mwenyekiti wa jopo la fizikia, wasahihishaji wote wako chini yako, una ofisi yenye zulia na karani wa kukuletea chai. Lakini jina hilo nilikubandika mimi mwenyewe, na jina halibanduki kwa sababu ya zulia. Darasa zima lilivunjika mbavu siku ile. Hata wewe ulicheka, kama sikosei.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu siiamini. Maneno ya simu mtu huyakana asubuhi yake; karatasi ikishaandikwa imeandikwa.

Habari ni hii. Matokeo yametoka, na mjukuu wangu amepata sitini na mbili kwenye fizikia. Chuo cha uhandisi kinataka sitini na nane, na nafasi yake wanamshikia mpaka tarehe 31 mwezi huu, basi. Huyu ni mtoto wa binti yangu marehemu. Nimemlea tangu ana miaka minne. Nimemfundisha mwenyewe, mezani kwangu, kila jioni, kwa daftari langu la kijani, lile lile mlilokuwa mkilinakili ninyi mpaka vidole vikaota sugu. Mtoto huyu hawezi kupata sitini na mbili. Hata akiwa na homa, hata akiandika kwa mguu.

Nikafanya uchunguzi wangu. Kumbe mmoja wa wasahihishaji wako alipita mikononi mwangu, naye ameninong'oneza. Swali la kumi na moja, alama nane: elektroni inaongezewa mwendo mpaka inakaribia kasi ya nuru, eleza kinachotokea kwa tungamo lake. Na mwongozo uliotiwa sahihi yako unasema kwamba anayejibu tungamo linaongezeka asipewe kitu. Loo! Miaka arobaini nafundisha kwamba linaongezeka. Yaani wewe, uliyeshika kopo la chaki yangu, leo unanitia kidole machoni mbele ya nchi nzima?

Sitini na mbili ukijumlisha na nane ni sabini. Hesabu hiyo hata wewe unaiweza. Nataka mwongozo urekebishwe kabla ya tarehe 31. Sikuombi, nakukumbusha tu ni nani aliyekufundisha.

Mwalimu wako wa zamani


6 Machi

Shikamoo Mwalimu,

Barua yako imefika jana. Karani aliisoma bahasha kwa sauti, "Kwa Sufuri, Jopo la Fizikia," na ofisi nzima ikasikia. Wakaulizana huyo ni nani. Nikawaambia ni mimi.

Pole kwa matokeo ya mjukuu. Nikueleze tunavyofanya kazi, maana ni muda mrefu tangu usahihishe mara ya mwisho. Karatasi hazina majina, zina namba. Kila msahihishaji hupewa swali moja tu, analisahihisha hilo hilo kwenye maelfu ya karatasi, kisha anamsogezea jirani yake. Akimaliza wa mwisho, mjumlishaji anapitia kurasa zote na kuhamishia alama kwenye jalada. Swali la kumi na moja liko peke yake, nyuma ya ukurasa wa mwisho.

Rufaa ina fomu mbili. Ya njano ni ya kupinga mwongozo, na mwamuzi wake ni mimi. Ya buluu ni ya kujumlisha upya: ukurasa mmoja, haitaki hoja, inataka sahihi ya mlezi na siku tatu. Ningekuwa wewe ningejaza ya buluu. Mwisho wa kupokea ni tarehe 31, saa kumi jioni.

Kuhusu tungamo. Mwongozo hausemi kwamba elektroni inabaki nyepesi kusukuma. Kadiri inavyokimbia ndivyo inavyogoma. Hilo halina ubishi. Tunachosema ni kwamba mgomo huo haumo ndani ya elektroni. Umo katika namna urefu na muda vinavyopimwa kati yake na wewe uliyesimama. Nishati inaongezeka, momenta inaongezeka. Tungamo ni lake mwenyewe, na ni lile lile kwa kila anayeitazama.

Nina swali dogo, Mwalimu. Umemuuliza mjukuu wako ameandika nini?

Mwenyekiti, Jopo la Fizikia


10 Machi

Sufuri,

Fomu ya buluu! Mimi? Nikajaze fomu ya kuomba mnihesabie vidole, kama mtu aliyepunjwa vitunguu sokoni? Ng'o. Kosa hapa si la kujumlisha. Kosa ni la akili, na limeanzia kichwani kwako. Nimejaza ya njano, nimeambatisha kurasa kumi na tisa.

Hebu nikufundishe tena, maana naona darasani ulikuwa unasinzia. Tungamo ni nini? Ni ukaidi wa kitu kinaposukumwa. Ukaidi ukiongezeka, tungamo limeongezeka. Huwezi kuniambia punda amegoma zaidi ya jana halafu ukaapa kwamba ukaidi wake ni ule ule. Tena chukua kopo la gesi lililofungwa, lipashe moto. Chembe za ndani zinakimbia zaidi, na kopo linaongezeka uzito. Kidogo mno, lakini linaongezeka. Uzito huo umetoka wapi kama si kwenye mbio? Nijibu hapo.

Wewe unataka kila kitu kiwe na siri yake moyoni ambayo dunia haiigusi. Hiyo si fizikia, mwanangu, hiyo ni sala. Kitu ni kile kinachofanya mbele ya wenzake. Basi.

Ati nimemuuliza ameandika nini! Nina haja gani ya kumuuliza? Mtu huuliza mkono wake umeandika nini? Siku ya mtihani aliporudi nilimwambia, "Kumi na moja?" Akasema, "Nimejibu, Babu." Akaenda kuanua nguo. Mtoto mwenye adabu haongezi neno.

Mwalimu


14 Machi

Shikamoo Mwalimu,

Fomu ya njano imefika na kurasa zake kumi na tisa. Ya kumi na mbili ina kosa la ishara. Nimekurekebishia kwa penseli.

Kopo la gesi ni hoja nzuri, na uko sahihi kwamba linaongezeka uzito. Lakini pale unapima kopo zima, lililotulia mezani. Ndani yake hakuna chembe hata moja iliyonenepa. Mkusanyiko una tungamo lake, na si lazima liwe jumla ya tungamo la kila aliyemo. Sasa na wewe nijibu hili. Elektroni inakimbia kuelekea mlangoni. Ukiisukuma kwa nyuma, inagoma kiasi fulani. Ukiisukuma ubavuni, inagoma pungufu ya hapo. Elektroni ni hiyo hiyo, wakati ni huo huo. Kama mgomo ndio tungamo, basi ina matungamo mawili, la mgongoni na la ubavuni. Punda wako anayo mangapi?

Hoja hii si mpya kwako. Niliiandika mbele yako miaka thelathini na moja iliyopita, kwenye mtihani wa majaribio, kwa maneno ya kitoto. Ulinipandisha juu ya dawati ukanisomesha jibu langu kwa sauti mara tatu, na kila nikimaliza uliwauliza wenzangu, "Anastahili ngapi?" Nao wakaitika. Sikucheka, Mwalimu. Nilijikojolea. Ukaniambia nishuke nilipanguse dawati la shule kwa sketi yangu. Kisha kwenye barua ya mapendekezo ukaandika: mbishi, hafai sayansi. Nilikaa miaka tisa kwenye stoo ya maabara, nikiosha chupa za watu waliofaa.

Unasema kitu ni kile kinachofanya mbele ya wenzake. Mimi nasema hapana. Lile ulilofanya halikupungua kwa sababu wewe umekaa mbali nalo, wala halikuongezeka kwa sababu miaka imekwenda mbio. Liko vile vile kwa kila anayelitazama.

Narudia swali langu. Umemuuliza?

Mwenyekiti


19 Machi

Sufuri,

Kumbe ni hilo! Nimeisoma barua yako nikacheka mpaka chai ikanipalia. Mtu mzima, mwenyekiti, una mvi zako kichwani, na bado uko juu ya dawati. Shuka, mama. Kengele imeshapigwa zamani.

Sikuwa nakumbuka, nikuambie kweli. Watoto zaidi ya elfu nne wamepita mbele yangu. Nimekaa, nimefikiri, ndipo nikalikumbuka lile dimbwi. Nilikuwa na vipindi viwili baada yako, na dawati moja limelowa. Hayo ndiyo yaliyonikera siku ile. Wewe hata hukuniingia akilini. Sasa ona jinsi dunia ilivyo: jambo lile lile, kwako ni gunia, kwangu ni unyoya. Kwa nini? Kwa sababu wewe umekimbia nalo miaka yote hii. Limenenepa kwa mbio zako. Mimi nimesimama pale pale na naliona dogo. Nadharia yangu inaeleza mpaka machozi yako.

Na tuseme ningekupa nane kwa nane siku ile, ungefika hapo ulipo? Ungekuwa karani wa posta, unalamba stempu. Nishukuru.

Jana mjukuu kaniletea hiyo fomu yenu ya buluu. Kaitoa wapi, sijui. Ameijaza yote kwa ule mwandiko wake mzuri, imebaki sahihi yangu tu. Nikamwambia, sisi hatuombi kuhesabiwa, sisi tunadai kusikilizwa. Nikaikunja mara nne nikaitia chini ya mguu wa meza, ule unaoyumba. Sasa hauyumbi. Hata fomu yako ina faida.

Jibu ile ya njano. Siku zinakwenda.

Mwalimu


21 Machi

Shikamoo Mama Mwenyekiti,

Mimi ni yule mjukuu. Babu hajui kama nakuandikia. Anwani nimeitoa kwenye bahasha zako. Barua zako anazisoma kwa sauti akizunguka meza, na za kwake pia kabla hajazituma, kwa hiyo nayajua yote, hata la dawati. Pole sana. Aliposoma pale nilitoka nje.

Nataka kukuambia jambo ambalo Babu halijui. Sikuandika alichonifundisha. Nilikaa na swali lile nikawaza, hivi elektroni inajua kama inakimbia? Haijui. Ukipanda juu yake ukaenda nayo, hakuna kilichoongezeka. Ni sisi tuliobaki nyuma ndio tunaosema mambo. Nikaandika hivyo, na hesabu yake nikaifanya mpaka mwisho. Nikimwambia atanitoa nyumbani. Sifanyi mzaha. Mama yangu alibishana naye mara moja tu, kuhusu mwanamume wa kumuoa, na mpaka leo nyumba nzima haina picha yake hata moja.

Nimejisahihisha mwenyewe mara nyingi. Napata sabini, nikijibana sana napata sitini na tisa. Sitini na mbili siioni inatoka wapi. Fomu ya buluu niliijaza, lakini bila sahihi ya mlezi hawaipokei, na mimi bado wiki tatu nitimize miaka kumi na minane. Wiki tatu tu! Namba yangu ya mtihani nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Nakuomba uiangalie karatasi yangu wewe mwenyewe, hata dakika tano. Siombi kuhurumiwa. Naomba kuangaliwa.

Mjukuu wa Mwalimu


25 Machi

Kwa mtahiniwa,

Mtahiniwa haruhusiwi kumwandikia mwenyekiti wa jopo wakati rufaa inaendelea. Barua yako nimeirudisha ndani ya bahasha hii.

Kanuni ya nne inasema fomu ya buluu ya aliye chini ya miaka kumi na minane haipokelewi bila sahihi ya mlezi. Haina kifungu cha babu mkaidi.

Nina ushauri mmoja. Mwambie ulichoandika, au mfanye akuulize. Siku sita zinatosha kwa sentensi moja.

Mwenyekiti


27 Machi

Mwanangu,

Nimekwenda chuoni kwa miguu yangu. Mkuu wa chuo ni kijana mwenye saa kubwa mkononi. Hakunipa hata kiti. Anasema hawezi kuongeza siku, orodha ya wanaosubiri ni ndefu kuliko ukuta wao.

Nimerudi nikamkuta huyu mtoto anapiga pasi shati jeupe la kuanzia chuo. Alilishona mwenyewe. Analipiga pasi, analikunja, analikunjua, analipiga pasi tena. Hali chakula. Nimemwambia ale, akasema amekula. Mimi ndiye ninayeosha sahani yake, najua.

Basi sikiliza. Mimi si mtu wa kurudi nyuma, lakini nakupa njia ya katikati. Acha mwongozo wako kama ulivyo, ongeza mstari mmoja tu: anayesema linaongezeka naye apewe alama, mradi aeleze linapimwa na nani. Sisemi umeshinda. Nasema tugawane. Ni mstari mmoja, wewe una kalamu, na zimebaki siku nne. Nifanyie kwa ajili ya huyu mtoto. Sina mwingine.

Mwalimu


1 Aprili

Mwalimu,

Dirisha la rufaa limefungwa jana saa kumi jioni. Fomu yako ya njano imekataliwa. Sababu zimo kwenye karatasi ya pili.

Sasa nikuambie kilichokuwa mezani kwangu mwezi mzima. Namba ya mjukuu wako niliitafuta kwenye orodha ya watahiniwa, na karatasi yake nikaitoa kabatini siku ile ile nilipopata barua yako ya kwanza. Nilitaka nione sauti yako ndani ya mtoto mwingine, nifurahi kuikata kwa wino. Nikageuza ukurasa wa mwisho, nikalisoma swali la kumi na moja, nikavuta kiti nikakaa. Ameandika kwamba tungamo halibadiliki. Kwa maneno yake mwenyewe, bila kuiga kitabu chochote ninachokijua. Amepewa nane kwa nane.

Na hizo nane hazikuhamishiwa kwenye jalada. Mjumlishaji hakugeuza ukurasa. Jalada linasema sitini na mbili, karatasi inasema sabini.

Mpaka jana saa kumi nilikuwa na mamlaka ya kurekebisha jumla kwa mstari mmoja, bila kuulizwa na mtu. Leo sina, wala hakuna mwingine aliye nayo. Kila asubuhi niliifungua ile karatasi, nikaishika kalamu, nikaiweka. Nilijiwekea sharti: siku utakayomuuliza yule mtoto ameandika nini, siku hiyo naandika sabini. Nilikuuliza mara mbili. Nilikutajia fomu ya kujaza mpaka rangi yake. Umemtetea kwa kurasa kumi na tisa, ukaenda chuoni kwa miguu, ukaniomba, ukaniita mwanangu, na hukugeuka ukamuuliza mtu aliyekaa meza moja na wewe. Sikio la kufa halisikii dawa.

Lipo na moja la kitaalamu. Uliandika kwamba lile la dawati limenenepa kwa kuwa nimekimbia nalo, na wewe uliyesimama unaliona dogo. Umeikosea nadharia yako mwenyewe. Kwa nadharia yako, anayekimbia na mzigo haoni mabadiliko yoyote. Aliyesimama ndiye anayeuona umekuwa mkubwa. Jibu hilo halina alama.

Mwenyekiti


5 Aprili

Mwenyekiti,

Barua yako ilifika juzi wakati tunakula. Nimemuuliza. Umefurahi?

Nilisema, "Swali la kumi na moja uliandika nini?" Akaweka kijiko. Akasema, "Niliandika halibadiliki, Babu." Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya sabuni. Nikamuuliza ameanza lini upuuzi huo. Akasema tangu ana miaka kumi na mitano. Karibu miaka mitatu, kila jioni, anaketi mbele yangu, anainamisha kichwa, anaandika ninachomtajia, na haamini hata neno moja. Na mimi namwona mbele ya macho yangu, najisemea, huyu ndiye mimi nitakapokufa.

Nikamwambia, basi ni heri hawakuzijumlisha.

Nimekaa na sentensi hiyo siku mbili nikifikiri kama nikuandikie au niifiche. Nakuandikia. Alama zilizopatikana kwa kumdanganya mlezi hazina haki ya kufika popote. Kwa hiyo umetenda haki bila kujua, na mimi naondoa malalamiko yangu yote. Matokeo nimeyakubali. Hukunishinda mimi. Uliyemkomesha ni mwingine.

Ameondoka jana asubuhi na begi la shule. Daftari la kijani ameliacha mezani, limefungwa. Kama amekuja kwako, mwambie sijui aliiweka wapi miwani yangu. Barua hii naiandika kwa kubahatisha mistari.

Mwalimu


14 Aprili

Kwa Babu, na kwa Mama Mwenyekiti,

Nawaandikia maneno yale yale wote wawili, kwa karatasi ya kaboni. Sioni sababu ya kutunga mara mbili.

Mama Mwenyekiti alinitafuta mpaka shuleni, akaniachia barua kwa mwalimu mkuu, na ndani akaweka ujumbe wako, Babu. Miwani iko juu ya kabati la vyombo, ndani ya kikombe kilichovunjika mkono. Dawa zako za presha ziko hapo hapo. Ya asubuhi ni nyeupe.

Mama, asante kwa kitanda, na kwa meza karibu na dirisha, na kwa ahadi kwamba utanifundisha mwenyewe mpaka mwakani. Sitakuja. Unasema ulijiona wewe ndani ya karatasi yangu. Ungeniona mimi ingetosha. Nimekaa mezani kwako, ndani ya karatasi ile, siku ishirini na sita, nina sabini yangu, na wewe umeshika kalamu unamsubiri mzee aulize swali. Na nilipokuandikia, barua yangu umenirudishia. Hata Babu, pamoja na ukali wake wote, hajawahi kunirudishia barua.

Hakuna aliyewasikiliza ninyi wawili kwa makini kuliko mimi. Nilichukua elektroni moja, nikaipigia hesabu kwa njia ya Babu, kisha kwa njia ya Mama. Nishati ilitoka ile ile. Momenta ile ile. Nguvu ya kuisukuma ile ile, mgongoni na ubavuni. Wekeni vyombo vyote vya maabara zote mezani, hakuna hata kimoja ambacho Babu atasoma hivi na Mama asome vile. Mnachogombania ni hesabu ipi ipewe jina la tungamo. Mimi naona njia ya Mama ni safi zaidi, haimchanganyi mtu, ndiyo maana niliandika hivyo. Lakini haikunijia hata siku moja kwamba ni jambo la kumpoteza mtu. Ninyi lilikuwa linawatosha, na wa kupotezwa nilikuwa mimi.

Nimekasirika sana. Nataka mjue hilo, maana wote wawili mnapenda kunisifu kwa upole.

Ninakaa kwa fundi cherehani mmoja aliyekuwa rafiki wa mama. Asubuhi nampigia pasi nguo za wateja, mchana nasoma. Anaongea sana, anacheka ovyo, fizikia haijui hata chembe, na kila jioni ananiuliza leo nimesoma nini. Nikianza kumweleza anaacha kushona.

Ijumaa nilitimiza miaka kumi na minane. Jana nikaenda kujiandikisha kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Fomu ina mstari wa mlezi. Aliye mtu mzima anaweza kuandika jina au kuandika hakuna. Nikaandika hakuna. Karani alikuwa mama wa makamo. Akanitazama, akaniuliza kama hata babu sina, hata shangazi, hata mwalimu, maana wakitaka kumwarifu mtu matokeo yangu watamwarifu nani.

Nikamwambia waniarifu mimi.